Sentimita Moja, Mistari Minne

Jamani, nimepotea wiki tano nzima. Wanaouliza kama nimeacha kuandika, hapana, nilikuwa juu ya paa. Kweli kabisa: juu ya paa la zege la nyumba ya mjomba wangu hapa Suna, nikiwa na bomba la chuma, nusu gunia la saruji na antena ya ukubwa wa sahani ya chai, nikijenga kituo cha msingi cha GPS cha kupimia mashamba. Nimerudi na hasira. Sehemu ya hasira hiyo ni juu yangu mwenyewe, kwa hiyo vumilieni.

Mambo yalianza na mama mmoja jirani, mjane, ambaye simtaji. Mpaka wake na shemeji yake ni ua wa mnyaa, ule tunaouita ojuok, uliopandwa kabla mimi sijazaliwa. Kipande kimoja kilikauka, kingine kikang'olewa usiku na mtu ambaye kila mmoja anamjua na hakuna anayemtaja, na sasa pana pengo la hatua kama hamsini. Shemeji akaleta mpima. Mpima akaja na fimbo yenye kipokezi juu, skrini ikaonyesha usahihi wa sentimita moja, akapigilia vigingi vyekundu. Mama akauza mbuzi wawili, akaleta mpima wake. Naye fimbo, naye skrini, naye sentimita moja. Vigingi vya bluu. Kati ya vyekundu na vya bluu pana mita 1.9.

Na ndani ya hizo mita 1.9 liko kaburi la mume wake.

Wa huku hamhitaji maelezo. Wa mbali nawaambia tu kwamba Mjaluo huzikwa kwake, na kaburi la mwenye boma ndilo jambo la kwanza wazee wanalolitazama wakiulizwa nani alikaa wapi. Likihamia upande wa pili wa ua, mama huyu anakuwa mgeni kwenye kaburi la mumewe.

"Wuoda," akaniambia, "wewe umesoma kompyuta. Hizi mashine mbili, ipi inasema uongo?"

Mimi na shahada yangu ya sayansi ya kompyuta na miaka yangu 28 nikamjibu bila kufikiri: "Nipe wiki mbili, Mama."

Haya basi, kwanza jinsi inavyofanya kazi, kwa sababu hasira yangu haitaeleweka bila hapo. GPS ya simu yako inakosea mita tatu, tano, wakati mwingine zaidi. Si kosa la simu peke yake. Mawimbi ya setilaiti yanapita kwenye anga ya juu iliyojaa chembe za umeme, yanacheleweshwa, na saa na njia za setilaiti zenyewe zina makosa madogo madogo. Ujanja ni kuweka kipokezi kimoja mahali ambapo hakisogei na ambapo unajua viwianishi vyake. Hicho ndicho kituo cha msingi. Wapima wetu huita besi. Kipokezi cha pili, rova, unatembea nacho shambani. Kwa kuwa vyote viwili vinaona setilaiti zilezile kupitia anga ileile, makosa yao karibu ni sawa. Besi inatuma inachokiona kila sekunde, rova inaondoa makosa, na unabaki na sentimita moja, pamoja na milimita moja hivi ya ziada kwa kila kilomita uliyo mbali na besi.

Zamani vifaa hivi vilikuwa vya wenye mamilioni. Mwaka 2018 kampuni ya u-blox ya Uswisi ikatoa kidude kiitwacho ZED-F9P, na ghafla bodi ya kazi hii ikawa inapatikana kwa dola mia mbili na kitu. Programu ni za bure: RTKLIB, aliyoiandika Mjapani Tomoji Takasu, iko wazi mpaka msimbo wake. Njia ya kutuma marekebisho kwa intaneti inaitwa NTRIP, ilibuniwa na Wajerumani wa BKG, nayo iko wazi pia. Ukitumia intaneti ya simu huhitaji redio ya masafa wala leseni yake. Kompyuta ndogo, laini ya simu, bando. Kituo changu kinakula chini ya megabaiti 100 kwa siku. Video za kuchekesha mnazotumiana asubuhi zinakula zaidi.

Basi nikajenga. Nikawasha kitu kinachoitwa upimaji wa mwanzo: besi inakaa dakika tano, inachukua wastani wa mahali inapodhani iko, halafu inatangaza "mimi niko hapa". Nikafurahi kama mtoto. Nikachukua karatasi ya mpima wa pili, ile yenye viwianishi vya vigingi vya bluu, nikaingia shambani kutafuta pointi zake. Niliweka chokaa tu, si vigingi, kwa sababu mimi si mpima mwenye leseni na kisheria sina haki ya kumwekea mtu mpaka. Rova ikaandika FIX, sentimita 1.4. Asubuhi ile nikapiga mstari wa chokaa kutoka mwanzo wa pengo hadi katikati.

Saa saba stima ikapotea, kama kawaida yake. Ikarudi saa nane na nusu. Nikala, nikarudi, na kwa bahati tu (si kwa akili, nawaapia) nikarudia pointi ya kwanza ya asubuhi kuhakikisha. Rova: FIX, sentimita 1.4. Pointi: imehama mita 1.4.

Nilisimama pale na fimbo kama mchungaji aliyepotelewa na ng'ombe. Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda anatazama. Mistari ilikuwa miwili. Mimi msomi nimekuja nikaifanya minne. Mwekundu, wa bluu, wa kwangu wa asubuhi, na wa kwangu wa mchana. Yote ya sentimita moja.

Kilichotokea ni rahisi na ni aibu. Stima ilipokatika, besi ilizima. Iliporudi, ilianza tena upimaji wake wa mwanzo na ikapata jibu jingine, kwa sababu wastani wa dakika tano bado unakosea mita moja, mbili. Rova haikudanganya. Ilikuwa inapima kwa sentimita umbali wake kutoka kwa besi. Besi ndiyo haikujua iko wapi, na ilitangaza kwa sauti ileile ya kujiamini mara zote mbili. Ile sentimita ya kwenye skrini haikuambii kama mwanzo wa kipimo ni kweli.

Sasa nisikilizeni, hapa ndipo ninapogombana na watu. Kosa langu la mvulana wa paani ndilo linalofanywa kila siku na watu wenye vifaa vya zaidi ya shilingi milioni moja. Wanafika shambani, wanasimamisha besi kwenye kichuguu kilicho karibu, wanabonyeza kitufe cha "hapa", na wanaanza kazi. Besi inajipa viwianishi vyenye kosa la mita, rova inafuata kwa utiifu, na mteja anaonyeshwa skrini. Nimewauliza wapima wanne niliofahamiana nao; watatu wamenikubalia kwamba wameshafanya hivyo. Mmoja wao, mzee ninayemheshimu sana, aliniambia, "Omera, ukipima shamba moja tu, haina ubaya." Ana haki kiasi. Ukianza kwenye alama mbili za zamani zilizopo ardhini na ukapima kutoka hapo, besi iko wapi si hoja. Lakini hapa alama ni mnyaa uliong'olewa! Ukikosa kitu cha kushika ardhini, besi ndiyo kila kitu.

Na kwa nini wanabonyeza "hapa"? Si uvivu peke yake. Nilijaribu kwa njia halali. Niliuliza ofisi moja viwianishi vya nguzo ya zamani ya upimaji iliyokuwa mlimani. Niandike barua. Nikaandika. Nilipe. Nikalipa. Nirudi wiki ijayo. Niliporudi mara ya tatu, kijana mmoja pale kwa huruma akaninong'oneza kwamba nguzo yenyewe haipo tena, ilivunjwa. (Kuna watu wanaoamini kwamba chini ya nguzo hizo Mzungu alificha mali. Huku kwetu, ambako vijana wanachimba dhahabu Osiri na Macalder, wazo la kwamba kila shimo lina kitu si la ajabu.) Kisha nikaipigia kampuni moja inayouza marekebisho kwa malipo ya mwezi. Nikauliza: besi yenu ya karibu iko wapi, na viwianishi vyake viko kwenye mfumo gani? Hiyo ni siri ya biashara, nikajibiwa.

Siri ya biashara! Kaburi la mtu linahamishwa mita mbili na mwanzo wa kipimo ni siri ya biashara.

Nilichofanya mwishowe ni hiki, na kila mpima anaweza kukifanya bila ruhusa ya mtu. Niliiacha besi irekodi data ghafi saa 24 bila kukatika (betri ya gari, tafadhali), nikazipeleka kwenye huduma ya bure ya serikali ya Kanada, Natural Resources Canada, inayokokotoa mahali kwa kutumia njia sahihi za setilaiti zinazotolewa baadaye. Nikarudia baada ya wiki. Majibu mawili yalitofautiana sentimita moja. Besi yangu ya asubuhi ile, kumbe, ilikuwa imekosea karibu mita moja na nusu.

Halafu ikaja furaha ndogo ya mtu wa programu. Kwa kuwa nilikuwa nimehifadhi kumbukumbu zote, za asubuhi na za mchana, niliweza kusogeza kila pointi kwa tofauti kati ya pale besi ilipodhani iko na pale ilipo kweli. Mistari yangu miwili ikaangukiana, tofauti sentimita mbili. Minne ikawa mitatu. Nilipiga kelele paani mpaka mjomba akatoka kuangalia kama nimeanguka.

Mstari wangu uliosahihishwa, kwa viwianishi vilevile vya bluu, uko sentimita 80 kutoka vigingi vya bluu. Yaani sentimita 80 hizo ni besi ya mpima wa pili, basi. Na zile nyingine mpaka mwekundu? Sijui na sitajua, kwa sababu ripoti ya mpima wa kwanza haisemi besi ilikaa wapi, haina data ghafi, haisemi hata mfumo wa viwianishi. Kurasa tatu, mhuri, sahihi, na neno "sentimita" mara tano. Nilizihesabu.

Mfumo si jambo dogo. Ramani za zamani za Kenya ziko kwenye mfumo wa Arc 1960. GPS inasema WGS84. Kuchanganya hiyo miwili hapa kwetu kunakusogeza mita zipatazo 300 kaskazini au kusini. Kuna kijana alimwonyesha baba yake kwenye simu kwamba nyumba ya jirani imejengwa ndani ya shamba lao. Nilipotazama, Mto Migori nao ulikuwa umehamia kwenye shamba la mahindi. Hapo angalau kosa linachekesha na linaonekana. Kosa la mita moja halionekani. Na ukitaka kuwa mkali kabisa, andika na mwaka: bara lenyewe linasogea kaskazini mashariki kama sentimita mbili na nusu kila mwaka, kwa hiyo kiwianishi kisicho na tarehe, baada ya miaka 20, kina nusu mita ya utata.

Sasa niwape pigo la pili, lililonipiga mimi kwanza. Hata mstari wangu ulio sahihi haumwambii mama kaburi liko kwa nani. Ramani nyingi za msajili za mashambani huku zilichorwa kwa kufuata nyua zilizoonekana kwenye picha za ndege, kwa kipimo cha 1:2500. Chukueni rula. Mstari wa kalamu wa nusu milimita kwenye ramani hiyo ni mita 1.25 ardhini. Wino peke yake una upana wa zaidi ya nusu ya ugomvi wao! Na sheria inalijua hilo. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012, kifungu cha 18, inasema ramani inaonyesha mipaka kwa kukadiria tu, isipokuwa pale mipaka ilipowekwa rasmi, na ugomvi wa mpaka unaanzia kwa msajili kabla ya mahakama kuugusa. Msajili atakuja, atatazama mashina ya mnyaa yaliyobaki, atawasikiliza wazee, atasoma ramani. Fimbo yenye skrini ni msaidizi wake.

Mtu atasema, basi besi yako ya nini? Nimeulizwa hivyo, tena kwa kejeli. Ya nini? Kwanza, wapima wote wawili wangeanzia besi moja inayojulikana, zile sentimita 80 zisingekuwepo, na kilichobaki kingeonekana wazi kuwa ni unene wa ramani na namna kila mmoja alivyoipachika juu ya picha ya setilaiti. Watu wangegombana juu ya kitu cha kweli. Pili, siku msajili akiuweka mpaka huo rasmi, viwianishi vyake vikiandikwa kutoka besi ya wazi, pamoja na mfumo na mwaka, mjukuu wa mama huyu atauona tena hata kama mnyaa wote umegeuka kuni. Viwianishi kutoka kichuguu cha "hapa" havifai kwa kazi hiyo. Kichuguu kitaliwa na mvua.

Rwanda walianza na upande huo wa watu. Kati ya 2009 na 2013 waliweka mipaka ya viwanja zaidi ya milioni 10 kwa picha za kutoka angani zilizochapishwa kwenye karatasi, kalamu, na majirani wamesimama pamoja shambani. Sentimita hazikuwepo. Makubaliano yalikuwepo, na yaliandikwa. Huku sisi tunauziwa sentimita kabla hatujakubaliana mita.

Ninachotaka ni kidogo sana. Kituo chochote kilichojengwa kwa pesa za umma, au kinachotumika kwa kazi itakayokwenda kwa msajili, kiwe na viwianishi vya wazi, mfumo na mwaka wake, na marekebisho yake yapatikane bila nywila. Kaunti ya Migori ina majengo yenye paa la zege, askari wa usiku na jenereta. Kituo kimoja mjini kinafika Awendo upande mmoja na Isebania upande mwingine, yote ndani ya kilomita 30. Kampuni iuze huduma, mafunzo, fundi wa kuja usiku, sina kinyongo. Isiuze giza.

Najua majibu yenu. "Matapeli watapima mashamba ya watu." Tapeli hahitaji kituo changu. Ana programu ya bure kwenye simu inayokosea mita tano na anatoza watu nayo leo hii. Kupima mipaka bila leseni ni kosa tayari, na besi ya wazi ndiyo itakayomkamata, maana mtu wa pili ataweza kurudia kazi yake. "Usalama wa nchi." Ndugu zangu, mawimbi haya yanaanguka juu ya paa la kila mtu. Wamarekani wenyewe, waliokuwa wakiyachafua makusudi kwa raia, waliacha tarehe 2 Mei 2000. "Nani atalipia?" Ufaransa kuna mtandao uitwao Centipede, ulioanzishwa 2019 na taasisi ya utafiti wa kilimo, INRAE. Wakulima na watu wa kawaida wanaweka besi kwenye mapaa yao na kila mtu anatumia. Mapaa tunayo.

Kuna hoja moja ninayoikubali: kituo cha bei nafuu kinaweza kufa, na mpima akaachwa njiani. Ni kweli. Tena hapa karibu na ikweta anga ni korofi, hasa baada ya jua kuzama, na jioni nyingine rova yangu inakataa FIX mpaka nakwenda kulala. Dhoruba ya jua ya Mei 2024 iliwasimamisha hata wakulima wa Marekani wenye trekta za kujiendesha. Lakini kituo kinachokufa waziwazi, watu wakaona kimekufa, kina madhara madogo kuliko kinachoamka saa nane na nusu na kuendelea kuongea kana kwamba hakikuhama.

Changu sasa hakifanyi upimaji wa mwanzo tena. Viwianishi vimeandikwa ndani, na nimebandika karatasi mlangoni kwa mjomba: namba, mfumo, mwaka, urefu wa antena. Hakina nywila. Jumanne iliyopita mpima wa vigingi vya bluu alikuja, akasoma ile karatasi kimya kwa muda mrefu, akaipiga picha, akaniomba tusogeze vigingi vyake zile sentimita 80 mama akiwepo na shemeji akiwepo. Tulivisogeza. Shemeji hakusema kitu, lakini alikuja. Wa vigingi vyekundu hajapokea simu yangu.

Msajili ameahidi kufika mvua ikikatika. Mimi nimeagiza betri ya pili.